Msalaba kwenye Kona ya Matela

Mwalimu Edouard Kabwe alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionichosha. Mtu mbaya unamtukana moyoni, unaendelea na njia yako. Huyu alikuwa anakuinamia, anakushika bega, anakuambia upuuzi kwa sauti ya daktari mpaka unaona haya kukasirika.

"Bénédicte, mwanangu, haiko kosa yako," aliniambia. "Bantu ba Kivu habalalaka. Iko mu damu."

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nimelala chali juu ya mkeka, macho wazi, ndani ya darasa tupu la masomo yetu, shule ya wasichana pale Lubumbashi, na timu nzima ya mpira wa mikono inakoroma kushoto na kulia. Hiyo ilikuwa sheria yake. Tukimaliza vipindi vya asubuhi, kabla ya mazoezi, timu inalala. Anafunga pazia, anavua viatu, anapita polepole kati ya mikeka akichungulia kope zetu. Asiyelala hachezi. Alisema mchezaji mwenye macho mekundu anaukosa mpira, anamwangukia mwenzake, anamvunja goti. Hapo hakukosea.

Alikosea kwenye damu. Watoto wa Katanga, alisema, wanalala vizuri kwa sababu mababu zao walichimba shaba, na mwili uliozoea kazi unaanguka wenyewe. Sisi wa Kivu ni watu wa biashara: tunakaa, tunawaza, damu yetu imejifunza kukesha. Eti aliyasoma hayo alipokuwa anafunzwa ualimu wa michezo. Wasichana walicheka, na mimi nilicheka nao, maana hakusema kwa chuki. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nashusha magunia ya chumvi kwenye lori la papa, baba yangu, tangu nikiwa mdogo. Kama usingizi ni malipo ya kazi, basi usingizi ulikuwa na deni kubwa kwangu.

Na hakuna aliyeuhitaji usingizi ule kuliko mimi. Tangu piyaje, ule uporaji nitakaoueleza, mama alitaka kunipeleka Kasenga kwa kaka yake, mjomba Nzanzu, anayenunua samaki pale mtoni Luapula. Papa alikubali nibaki mjini kwa sababu moja tu: niko kwenye timu, niko chini ya macho ya mwalimu, sizururi mtaani. "Siku watakapokutoa kwenye timu," alisema, "unapanda lori la samaki." Papa hakuwa mtu wa kusema kitu mara mbili.

Sikuitaka Kasenga. Nilitaka kubaki na Joëlle.

Joëlle Mutale alikuwa golikipa wetu na rafiki yangu. Msichana mrefu, mikono kama makasia, na bingwa wa kulala. Alilala darasani, alilala kanisani, mara moja alilala amesimama mbele ya bendera mpaka mkuu wa masomo akamwita mara tatu. Alipenda kunitania juu ya jina la papa. Kwetu Butembo kila mtoto wa pili wa kiume anaitwa Kambale, kwa hiyo yeye alipokuja nyumbani alipiga hodi hivi: "Kambale iko? Hapana yule, yule mwingine. Yule mwingine tena." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Hiyo ilikuwa kabla ya piyaje.

Niseme ilivyokuwa, kwa wasiojua. Papa alikuwa anauza chumvi na matela, yaani magodoro, kwa jumla. Sponji zilikuja tupu, na mama alizishonea nguo ya milia ya bluu na nyeupe, na kamba nene kuzunguka ukingo ili zisichoke haraka. Kisha kwenye kona moja, chini ya mkunjo pasipoonekana, alishona msalaba mdogo kwa uzi mwekundu. Kila matela. Kwa mama, kitu cha kulalia hakitoki nyumbani bila kuombewa, hata kama anayekinunua humjui. Mimi nilipojua kushika sindano aliniachia misalaba. Ya kwake ilisimama sawa. Ya kwangu ilipinda upande wa kulia, kila mmoja, hata nilipojitahidi.

Halafu mshahara wa askari haukufika, wakaanza kuvunja maduka, na mtaa ukawafuata nyuma. Hiyo ndiyo piyaje. Depo letu, ghala la papa, lilivunjwa asubuhi, na kabla ya saa ya kula matela yetu yote yalikuwa yanatembea barabarani juu ya vichwa vya watu. Niliyaona nikiwa nyuma ya dirisha la jirani. Wengine walikuwa wanaimba.

Kuanzia hapo tulihamia depo lenyewe, tukalala juu ya saruji kwenye maboksi yaliyotandazwa, viatu miguuni, kwa sababu kila wiki kulikuwa na habari kwamba watarudi. Mama alimwomba papa anunue japo matela moja sokoni. Papa alimwangalia kama amemtukana. "Ninunue matela yangu mwenyewe?" Basi tukabaki kwenye saruji. Na mimi nililala vile mtu analala akiwa amefunga kamba za viatu, yaani sikulala. Mbwa akibweka nakaa kitako. Mbwa akinyamaza, nakaa pia.

Mambo haya sikumweleza mwalimu Kabwe. Aliniuliza mara moja kama nyumbani kuna amani, nikasema ndiyo. Ungemwambia nini mtu ambaye mtaa wake mzima unalalia mali yako?

Dawa yake ilikuwa kukimbia. Wenzangu walipokwenda kuoga, mimi nilibaki nazunguka uwanja, na yeye amesimama katikati akinihesabia pumzi. Alinikimbiza mpaka nikatapika. Timu nzima, aliyoiongezea mazoezi kwa ajili yangu, ilianza kulala kama mawe. Mimi nilikuwa nimechoka hadi mifupani na macho bado wazi.

"Unaona?" alisema kwa huzuni ya kweli. "Damu."

Nilitaka kumrushia mpira usoni.

Wiki ile alitangaza kwamba tunakwenda Kipushi kucheza na wasichana wa kule. Akaniita pembeni. Kama hadi wiki ijayo sijalala hata mara moja kwenye mkeka, nafasi yangu ataichukua Chileshe, mchezaji wa akiba. Alisema pole. Mimi nilikuwa tayari nasikia harufu ya lori la samaki.

"Kuya kwetu," Joëlle aliniambia. "Kwetu hata mbuzi analala. Utajaribia pale, utazoea, kisha utalala na ku masomo."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Mama yake, mama Chama, alikuwa mbele ya nyumba anapima makaa. Mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Mume wake, papa Pierre, alikuwa fundi wa kampuni ambayo siku hizo ilikuwa haifanyi kazi wala haifungi, akashinda amekaa kwenye kiti anatengeneza redio moja isiyopona.

"Ingia, mwana wa Kivu," mama Chama alisema. "Tuone kama ile damu inapita mu mulango."

Chumba cha watoto kilikuwa na giza na baridi nzuri. Matela chini, blanketi juu yake. Joëlle akajitupa upande wa ukuta, na kabla sijavua viatu alikuwa ameshaondoka duniani. Nikajilaza. Blanketi likasogea. Nikaona milia ya bluu na nyeupe.

Nikajiambia, milia ni milia, nani hauzi milia. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kona, umeshaingia chini ya mkunjo. Nikaupata uzi. Nikaupitia kwa kidole: juu, chini, kushoto, kulia. Ulipinda upande wa kulia.

Hasira iliyonipanda sijui niieleze vipi. Niliona mama anakunja maboksi asubuhi. Niliona papa anatembea kama mzee kwa sababu ya saruji. Nilitaka kusimama juu ya ile matela na kupiga kelele mpaka redio ya papa Pierre ipone. Nikavuta pumzi ya kuanzia. Sponji ilikuwa imenikumbatia mgongo, kamba ya ukingo iko chini ya shavu, na nikanusa ile harufu ya depo letu, ya zamani, kabla ya yote. Mwili wangu haukuniuliza neno. Ukalala.

Nilipoamka jua lilikuwa limehama dirisha. Joëlle alikuwa amekaa anakula karanga, ananiangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ulikoroma sawa lori," alisema.

Mama Chama alitupakulia bukari na sombe, ugali na kisamvu. Kilikuwa chakula kitamu, na hilo nalo liliniudhi. Nilipomwangalia, aliepusha macho kwenda kwenye makaa yake. Nikajua kwamba anajua. Labda hakujua matela ile ilitoka kwa nani wakati ilipoingia nyumbani kwake, labda papa Pierre aliibeba tu kama wengine walivyobeba. Ila siku ile alijua, na alinijazia sahani mara ya pili.

Jioni, nyumbani, mama alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. Shavuni nilikuwa na alama ya kamba ya ukingo, mzunguko kwa mzunguko. Kamba ile mama alikuwa anaisokota mwenyewe. Akaipitishia kidole gumba kutoka sikioni mpaka mdomoni, polepole.

"Ulilala wapi?"

"Kwa kina Joëlle."

Nilidhani atalia, au ataniambia nimpeleke pale.

"Ulilala vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Nawa uso kabla papa yako hajarudi."

Hatukuliongelea tena. Nilikwenda kwa kina Joëlle kila nilipoweza, kila mara natafuta kona ile kwanza, naugusa msalaba, kisha nalala. Na kweli, kama alivyosema Joëlle, mwili ulikumbuka njia. Jumatano nililala kwenye mkeka wa darasani. Niliamka namkuta mwalimu Kabwe amechuchumaa kando yangu, viatu mkononi, anatabasamu kama baba wa mapacha. Alikwenda kumwambia mkuu wa masomo kwamba michezo imeshinda damu. Akaniweka kwenye timu ya Kipushi. Nikamwacha na ushindi wake. Nilikuwa nimepata nilichotaka, sikuwa na haja ya kuwa sahihi pia.

Furaha hiyo haikuona Jumapili.

Ijumaa mchana nikiwa kwa kina Joëlle, gari la askari lilisimama mlangoni. Safari hii eti walitumwa kurudisha mali iliyoibwa. Sura mbili kati yao nilizikumbuka kutoka siku ya piyaje, ila sasa walikuwa na amri na karatasi. Walimtoa papa Pierre kwenye kiti chake wakampigisha magoti kwenye ukuta. Wakaburuta matela mpaka uani. Na nyuma ya gari akashuka papa yangu, ambaye walimpitia depo ili atambue vitu vyake.

Hakujua kama niko pale. Aliponiona kwenye mlango wa ile nyumba, bila viatu, alisimama.

"Kambale," alisema mkubwa wao. "Hii iko yako?"

Papa aliangalia milia. Akainama, akakunja kona, akaangalia. Papa hajawahi kumdanganya mtu kwenye biashara, hata kwa kipimo cha chumvi. Kwa hiyo hakuweza kusema hapana. Na papa Pierre alikuwa amepiga magoti, shingo wazi, redio yake imekanyagwa, kwa hiyo hakuweza kusema ndiyo. Aliinuka akanielekeza kwa mkono.

"Misalaba yetu anashona binti yangu," alisema. "Muulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Mama Chama alikuwa ameshika kopo la kupimia makaa kifuani. Joëlle aliangalia vidole vyake vya miguu. Nilielewa kwamba nikisema kweli naipata matela, na nikiipata hakuna tena mlango wa kupiga hodi.

"Si yetu," nikasema. "Misalaba yetu inasimama sawa. Huu umepinda."

Mkubwa wao akacheka. "Basi haina mwenyewe," akasema, na wakaipandisha kwenye gari lao. Papa Pierre wakamwacha. Kwa muda mfupi nilidhani nimewaponya watu wote.

Lakini yule mkubwa hakuwa mjinga. Alirudi kwenye gari, akaikunja kona ile, akaushika uzi mwekundu kati ya vidole. Kisha akawaambia askari wake wapite nyumba zote za mtaa na kutazama kwenye kona. Mama yangu alikuwa ameomba kila anayelalia kazi yake apate amani, na ule msalaba wake ndio uliowaonyesha mlango kwa mlango. Milia ungeweza kubishia. Msalaba hapana. Walijaza gari, wakarudi na gari lingine. Hakuna hata matela moja iliyofika kwetu, wala hatukungoja ifike.

Nilitembea na papa mpaka depo bila neno. Mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Papa akakaa juu ya boksi lake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Na ulikuwa unalala pale."

"Ndiyo, papa."

Nilikaza shavu nikangoja kofi. Badala yake aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, kimoja, kingine, akavivua. Miguu ilikuwa imevimba na kuchubuka, sikuwa nimeiona tangu piyaje. Akaiweka juu ya saruji na akafunika macho kwa kiganja.

"Mungu ashukuriwe," alisema. "Mmoja wetu alilala."

Mama alikwenda kuleta maji ya kuiosha ile miguu. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia kama mtoto mchanga.

Giza halijaingia, mama Chama alipita mlango wa nyuma. Hakuleta sauti yake ya siku zote.

"Kambale, muende," alisema. "Bantu ya mtaa banasema ni ninyi njo mulionyesha basoda ile alama. Banasema bataunguza depo. Miye najua ni uongo, nimesema ni uongo. Lakini niko muntu moja."

Kisha akamgeukia mama. Mama akamshika mkono, akauachia. Sikusikia msamaha ukiombwa wala ukitolewa pale mlangoni, na hadi leo sijui ungeanzia kwa nani.

Lori la samaki lilikuwa linarudi Kasenga tupu siku iliyofuata, nasi sote tukaondoka nalo. Nilimwomba papa lipite masomoni. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kwenda Kipushi, na mwalimu alikuwa amewaita wachezaji walale kwanza kama kawaida. Nilifungua mlango wa darasa. Pazia limefungwa, mikeka imetandikwa, wasichana wamelala chali mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefumba macho. Walikuwa wamekaa usiku kucha kwenye saruji za nyumba zao, wanasikiliza magari. Macho yote mekundu. Mwalimu Kabwe alikuwa anapita kati yao na viatu mkononi, anachungulia kope, anahamia mkeka mwingine, anarudi kwenye ule wa kwanza.

"Mwalimu," nikamwambia, "na hawa damu yao imekuwa ya Kivu?"

Alikaa kwenye dawati la nyuma akaviweka viatu vyake mapajani. Sikumhurumia, si siku ile.

Chileshe aliponiona aligeukia ukuta. Wengine wawili pia. Joëlle alisogea kwenye mkeka wake wa karibu na mlango akaniachia nafasi, kama alivyofanya kwao. Nikakaa nimeegemea mlango.

"Juu ya nini ulisema hapana?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unaijua. Nilikuona kila siku unatafuta mu kona."

"Na wewe kwa nini hukusema kitu?"

"Sababu ulikuwa unalala," alisema.

Akalaza kichwa kwenye paja langu, juu ya sketi ya masomo. "Chunga mulango," akasema, na yule bingwa wa kulala akahangaika kwanza, akageuka huku, akageuka kule, mara mbili akanyanyua kichwa kwa sababu ya mlio wa gari. Nilimwekea mkono sikioni. Mwishowe akalala.

Lori lilipiga honi nje. Likapiga tena. Nilimsikia papa anamwambia dereva angoje, na dereva analalamika, na papa anamwambia angoje. Nilibaki pale mpaka mguu wangu ukafa ganzi.

Alipoamka, mshono wa sketi yangu ulikuwa umechorwa kwenye shavu lake, tundu kwa tundu. Nikaupitishia kidole gumba kutoka sikioni mpaka mdomoni. Kisha nikafungua mlango niliokuwa nimeuegemea, nikaenda kupanda lori.